Mswada Kutoka Mwadui

Wagonjwa wa Shinyanga wamekwisha kuifundisha dunia mengi kuhusu UKIMWI. Mwaka 2017 jarida la kitabibu liitwalo AIDS lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika kliniki tatu za mkoa huo, kwa watu wazima 805 wenye virusi vya UKIMWI (VVU) ambao chakula nyumbani hakikuwatosha. Wote walipewa tathmini na ushauri wa lishe. Kundi moja likaongezewa fedha, shilingi 22,500 kwa mwezi, kwa sharti la kuhudhuria kliniki. Kundi jingine likapewa kapu la chakula kwa sharti hilohilo. La tatu likabaki na ushauri peke yake. Baada ya miezi sita, waliokuwa na dawa mkononi kwa angalau asilimia 95 ya muda wote walikuwa asilimia 85 katika kundi la fedha, 79 katika kundi la chakula, na 63 katika kundi la ushauri. Mwaka 2020 likafuata andiko jingine, safari hii katika The Lancet HIV, kuhusu watu 530 waliokuwa ndio kwanza wanaanza dawa katika vituo vinne vya Shinyanga. Waliobaki kwenye huduma na virusi vyao vikafubaa ndani ya miezi sita walikuwa asilimia 73 kati ya wasiopewa fedha, 83 kati ya waliopewa shilingi 10,000 kwa mwezi, na 86 kati ya waliopewa 22,500.

Tafiti hizi ni za maana sana. Zinamwambia waziri wa afya wa nchi yoyote maskini kwamba mtu anayekosa nauli na unga hakosi dawa kwa sababu ya ukaidi. Waandishi wake, akina Sandra McCoy na Carolyn Fahey wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, pamoja na Watanzania kama Prosper Njau na Ntuli Kapologwe, walifanya kazi ya kuheshimiwa. Hata hivyo, anayesoma maandiko ya namna hii mfululizo, ya Shinyanga, ya Geita, ya Mwanza, huanza kumtafuta mtu mmoja asimwone. Ni muuguzi wa kliniki ya tiba na matunzo, yule ambaye kila mtu humwita sista au nesi wa CTC. Ndiye aliyejaza kadi, akampigia simu ambaye hakuja, na akajua kabla ya mtafiti yeyote kwamba fulani ameacha dawa kwa sababu mume ameziona chini ya godoro. Kwenye maandiko, mara nyingi nafasi yake huwa mstari wa shukrani mwishoni.

Sura hii inazungumza naye. Muuguzi anayefanya kazi Mwadui, Maganzo, Mwakitolyo, Kakola au Katoro ana jambo la kuwaambia wauguzi wa dunia, na njia ya kulifikisha ipo. Ni ndefu na ina vizuizi, lakini inapitika.

Mwadui iko wilaya ya Kishapu, karibu na mji mdogo wa Maganzo ulio kwenye barabara kuu ya Shinyanga na Mwanza. Mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi hapo mwaka 1940, na mgodi wake ukakua ukawa mji kamili wenye uzio, nyumba, shule na hospitali. Tangu wakati huo eneo hilo limekuwa na watu wa aina mbili wanaoishi jirani sana: mwenye ajira ndani ya uzio, na anayehangaika nje yake. Nje wapo wachimbaji wadogo wanaochekecha mchanga, wapo wabeshi wanaojipenyeza usiku kutafuta mawe, wapo mama lishe, wahudumu wa baa na wa nyumba za wageni. Fununu ikitoka kwamba dhahabu imeonekana mahali, iwe Mwakitolyo, Nyarugusu au Rwamgasa, nusu ya vijana wa mtaa huondoka ndani ya siku chache, na wanaofanya biashara ya chakula na vinywaji huwafuata.

Hili lina maana kubwa kwa virusi. Mwaka 2003 jarida la Sexually Transmitted Infections lilitoa upimaji uliofanyika katika jamii zinazopakana na migodi mipya ya dhahabu nchini Tanzania. Kati ya wafanyakazi wa mgodini, wenye virusi walikuwa asilimia 6. Kati ya wanaume wa mtaani walikuwa 16, na wanawake wa mtaani 18. Kati ya wanawake waliofanya kazi kwenye baa, migahawa na sehemu za starehe walikuwa asilimia 42. Nimezisoma namba hizo mara nyingi na bado zinanishtua, hasa pengo lililopo kati ya anayelipwa mshahara na anayemuuzia bia.

Sasa tumchukulie muuguzi wa kufikirika, aliyeko kwenye kliniki moja ya ukanda huu. Ana rejista yenye mamia ya majina. Kila robo ya mwaka huandika taarifa: wangapi wameanza dawa, wangapi wamefariki, wangapi wamehama kwa barua, wangapi hawajulikani walipo. Hao wa mwisho humkosesha usingizi, kwa sababu wasimamizi wakija ndio wanaoulizwa. Lakini yeye anajua jambo ambalo rejista haina safu yake: wengi wa hao hawajaacha dawa. Wamefuata machimbo. Wamefika Geita, wakaingia kliniki ya huko wakajitambulisha kama wapya, pengine kwa jina jingine, kwa sababu kurudi kuomba barua ya uhamisho ni nauli na ni siku ya kazi iliyopotea. Wakahesabiwa mara mbili: mara ya kwanza wamepotea huku, mara ya pili wameanza upya kule.

Huo ni mswada. Bado haujaandikwa, lakini swali lake lipo, na ni swali la muuguzi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wauguzi wengi wanapoamua kuandika huacha kile wanachokijua wakakimbilia kichwa cha habari walichokikariri chuoni, kile cha uelewa, mtazamo na tabia za wakazi wa wilaya fulani kuhusu UKIMWI. Mhariri amekwisha kupokea miswada mingi ya aina hiyo. Haimwambii muuguzi wa Lusaka wala wa Kisumu afanye nini kesho asubuhi. Swali la waliofuata machimbo linamwambia.

Wala halihitaji mamilioni ya mfadhili. Mwaka 2008 Elvin Geng na wenzake walichapisha katika JAMA utafiti wa kliniki ya Mbarara, Uganda. Katika wagonjwa 3,628 walioanza dawa, 829 walikuwa wamepotea. Watafiti hawakujaribu kuwatafuta wote. Walichagua 128, wakamtuma mtu akawatafute vijijini, na wakapata habari za 111. Kati ya hao, 32 walikuwa wamefariki. Waliobaki walikuwa hai, na baadhi walikuwa wakitibiwa kwingine. Sehemu ndogo, iliyochaguliwa kwa haki na kufuatiliwa kwa bidii, ilitosha kubadili picha nzima ya kliniki. Kituo chenye mhudumu mmoja wa afya ngazi ya jamii na WAVIU mshauri mmoja, yaani mtu anayeishi na VVU anayewashauri wenzake, kinaweza kufanya kazi ya namna hiyo kwa kiasi chake, mradi uchaguzi wa wanaofuatiliwa usiwe wa kuokota walio karibu na barabara.

Ipo mifano mingine inayomsubiri wa kuiandika. Novemba 2022 kingo za bwawa la tope la mgodi wa Mwadui zilibomoka, na tope likafunika nyumba na mashamba ya vijiji jirani. Mtu aliyekuwa na chupa ya dawa ndani ya nyumba iliyoingia tope alifanya nini wiki hiyo? Nani alimpa nyingine, na kadi yake alipata wapi? Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watumishi wengi wa miradi ya UKIMWI walijikuta nje ya kazi kwa ghafla. Muuguzi aliyeajiriwa na serikali alibaki na foleni ileile. Alipunguza nini, aliacha nini, na nani aliumia? Haya hayataandikwa vizuri na mtu atakayekuja miaka mitano baadaye na dodoso.

Tuseme swali limepatikana. Mwenye haraka hufungua kompyuta akaanza kuandika. Asifanye hivyo. Kibali kwanza.

Rejista si mali ya anayeijaza. Hata kama takwimu ni za kawaida za kila siku, hata kama hakuna mgonjwa atakayeulizwa swali jipya, kuzigeuza takwimu hizo kuwa utafiti kunahitaji idhini ya kamati ya maadili. Kwa Tanzania mamlaka ya juu ni kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1979. Kanda ya Ziwa ina kamati zilizo karibu zaidi Mwanza, ya NIMR huko na ya Chuo Kikuu cha Afya cha Kikatoliki (CUHAS) pamoja na hospitali ya Bugando. Baada ya hapo kuna barua za mkoa, za mkurugenzi wa halmashauri, za mganga mkuu wa wilaya, na za mfawidhi wa kituo. Mzunguko huu huchosha. Najua wauguzi waliokata tamaa hapo, na siwalaumu. Lakini majarida makini hayapokei kibali kilichoombwa baada ya kazi kwisha, na kamati nyingi hazikitoi. Aliyekusanya kwanza akaomba baadaye hubaki na kazi nzuri isiyochapishika.

Liko sharti jingine ambalo waandishi wa mara ya kwanza hulisahau: cheti cha kibali cha NIMR hutaka mwandishi aombe pia ruhusa ya kuchapisha matokeo. Ni barua nyingine, na muda mwingine. Iombwe mapema, wakati mswada unasomwa na wenzako, usije ukapokelewa na jarida kisha ukakwama Dar es Salaam.

Na ndani ya maadili limo jambo zito kuliko karatasi zote. Mwadui na Maganzo ni padogo. Ukiandika kuhusu mama lishe wa miaka 34 mwenye mapacha, aliyefiwa na mume machimboni, hukutaja jina lakini umemtaja. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya hali ya mtu, na haisemi kwamba ulinzi huo unakoma mbele ya jarida la kisayansi. Kwa maandiko yanayoelezea mgonjwa mmoja, mwandishi apate ridhaa ya maandishi ya mgonjwa huyo, amsomee alichoandika kwa lugha anayoielewa, na abadili au aondoe kila kinachoweza kumfichua ambacho hakina kazi katika hoja. Mapacha wale, wana kazi gani? Kama hawana, watoke.

Ikiwa ni utafiti wa mahojiano, lugha nayo itolewe maelezo. Mgonjwa wa Kishapu huanza kwa Kisukuma pale moyo unapouma. Muuguzi anaandika kwa Kiswahili, kisha anapeleka jaridani kwa Kiingereza. Maneno yamevuka mito miwili. Wahakiki wana haki ya kujua nani alitafsiri, nani alikagua, na kama mtu mwingine alijaribu kuyarudisha kwenye Kisukuma akaona yanafanana. Hizo ni sentensi tatu tu kwenye sehemu ya mbinu, lakini zisipokuwepo mhakiki makini hataamini nukuu hata moja.

Jarida gani basi? Yako mengi, na wauguzi wana lao. Huitwa Journal of the Association of Nurses in AIDS Care, kwa kifupi JANAC, na hutoka mara sita kwa mwaka. Historia yake inafaa kujulikana huku. Julai 1983 wauguzi wa Hospitali Kuu ya San Francisco, wakiongozwa na muuguzi Cliff Morrison, walifungua wodi ya 5B kwa ajili ya wagonjwa wa UKIMWI, wakati ambapo watumishi wengine walikuwa wakiacha sinia la chakula mlangoni kwa hofu. Mwaka huohuo, 1983, ndipo wagonjwa wa kwanza watatu walipotambuliwa Tanzania, mkoani Kagera. Dawa haikuwepo. Kilichokuwepo ni uuguzi: kumshika mtu mkono, kumwogesha, kumlisha, kumsikiliza. Chama cha wauguzi wa UKIMWI cha Marekani kiliundwa mwaka 1987, na jarida likafuata muda mfupi baadaye, ili maarifa hayo ya wauguzi yasiishie wodini.

Na Tanzania si mgeni katika kurasa zake. Mwaka 2005 JANAC ilichapisha kazi iliyokusanya namna watu wa nchi tano za Afrika, Tanzania ikiwemo, wanavyoutaja UKIMWI katika mazungumzo ya kila siku, na mwaka 2008 ikachapisha nyingine kuhusu namna watu wanavyokabiliana na unyanyapaa katika nchi hizohizo: Lesotho, Malawi, Afrika Kusini, Swaziland (kama ilivyoitwa wakati huo) na Tanzania. Miongoni mwa waandishi wa kazi zote mbili yumo Thecla Kohi, mwanataaluma wa uuguzi wa Muhimbili. Ndiye pia aliyeongoza andiko la mwaka 2006 katika jarida la Nursing Ethics, lililoonyesha kwa ushahidi wa makundi 43 ya majadiliano, yenye watu 251, kwamba unyanyapaa ni uvunjaji wa haki za binadamu. Kwa hiyo mlango huu umekwisha kufunguliwa na Mtanzania. Ninachokitamani ni kuona anayeingia sasa anatoka zahanati.

Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, soma matoleo kadhaa ya jarida unalolitaka. Waandishi wengi hawafanyi hivyo, na ndiyo sababu mhariri huwarudishia mswada kabla haujafika kwa mhakiki. Kama hospitali au chuo chako kimesajiliwa Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa mwaka 2002, majarida mengi ya kulipia yatafunguka. Soma pia maelekezo ya waandishi hadi mwisho. Yatakuambia aina za maandiko yanayopokelewa, urefu, na mtindo wa marejeo, ambao kwa JANAC ni ule wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani. Yatakuelekeza kwenye miongozo ya kuripoti: STROBE kwa takwimu za rejista, COREQ kwa mahojiano, SQUIRE kwa kazi za kuboresha huduma. Huu wa mwisho nauweka mbele ya wauguzi wetu kwa makusudi. Mabadiliko mengi wanayofanya, kama kuhamisha siku ya kliniki iendane na siku ya mnada au kutoa dawa za miezi mingi kwa anayesafiri, ni kazi za kuboresha huduma, na wengi hawajui kwamba zina njia yake ya kuandikwa na kuheshimiwa.

Jarida hilo lina desturi moja ninayoipenda kuliko zote. Humtaka mwandishi wa andiko aweke mambo machache ya kuzingatia kazini, yaliyoandikwa kwa ajili ya muuguzi anayehudumia wagonjwa. Nashauri uanze na hayo. Yaandike kabla ya utangulizi na kabla ya majedwali. Kwa mfano wetu, moja lingesema: kabla ya kumwandika mgonjwa kuwa amepotea, uliza jirani zake kama amekwenda machimboni, na wasiliana na kliniki ya huko. Kama huwezi kuandika hata moja la namna hiyo, utafiti wako bado haujaiva, na ni afadhali kulijua hilo sasa.

Ukiandika, mtaje mtu kabla ya virusi. Ni mtu anayeishi na VVU, na aliyekosa kliniki ni mtu aliyekosa kliniki. Rejista zetu na midomo yetu zimezoea kumwita mtoro, na wahakiki wa jarida la wauguzi hawatakubali tafsiri yake. Wana haki. Utafiti wa Mbarara ulionyesha kwamba katika hao tuliowaita watoro wapo marehemu, na wapo waaminifu kwenye dawa zao.

Kisha kuna majina. Nani aandikwe kama mwandishi? Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba imeweka masharti manne, na mtu anapaswa kuyatimiza yote: awe amechangia kwa uzito kubuni, kukusanya au kuchambua, awe ameandika au kupitia mswada kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Kwa masharti haya, mkubwa wa idara aliyetia saini barua tu si mwandishi, na kumwandika kwa heshima ni kusema uongo mbele ya msomaji. Najua ugumu wa kumwambia hivyo bosi wako Shinyanga. Mweke kwenye shukrani, kwa cheo chake kamili, na umwonyeshe masharti hayo kabla kazi haijaanza.

Masharti hayohayo yana upande ambao muuguzi anapaswa kuukariri. Kamati hiyo inasema pia kwamba kila aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika kuandika na kupitia. Maana yake ni kwamba watafiti wakija kliniki kwako kutoka Dar es Salaam au ng'ambo, nawe ukabeba sehemu nzito ya ukusanyaji, una haki ya kuomba mswada uupitie. Omba siku ya kwanza, kwa maandishi, kwa adabu: nitafurahi kushiriki katika uandishi wa matokeo. Wengi hawanyimwi nafasi. Hawaulizwi, nao hawaulizi.

Mswada ukikamilika, upelekwe kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja. Unaandamana na barua kwa mhariri, yenye aya mbili au tatu: umegundua nini, kwa nini wasomaji wake wanakihitaji, na kwamba haujachapishwa wala kupelekwa kwingine. Majina ya waandishi hukaa kwenye ukurasa wake peke yake, kwa sababu wahakiki hawatakiwi kukujua, nawe hutawajua. Pitia basi ndani ya maandishi uondoe mahali unapojitambulisha bila kukusudia, kama pale unaposema katika kliniki yetu ya Mwadui.

Majibu yatachukua miezi. Yakija, kukubaliwa moja kwa moja ni nadra mno, hata kwa maprofesa. Kuna kukataliwa, na kuna kuambiwa rekebisha. Barua ya kuambiwa rekebisha huwa ndefu na kali, na hapo ndipo miswada mingi ya Afrika Mashariki hufia, kwenye droo ya meza, mwandishi akidhani ametukanwa. Barua hiyo ni habari njema: watu wawili au watatu wenye shughuli zao wamesoma kazi yako neno kwa neno bila malipo. Nakili kila hoja yao, andika jibu chini yake, taja ukurasa na mstari uliobadilisha. Mhakiki akiuliza kwa nini umefuatilia watu 60 na si wote, mweleze ulivyowachagua, umwonyeshe mfano wa Mbarara, na ukiri mipaka yake ndani ya mswada. Akikosea, mwambie kwa heshima na ushahidi. Wauguzi wetu wamelelewa katika utii wa kazi, na mara nyingi hukubali hata pendekezo linaloharibu matokeo. Mhakiki wa Chicago hajui kwamba kutoka Maganzo mpaka Katoro ni safari ya kutwa kwa anayebadilisha mabasi. Wewe unajua, na andiko linahitaji ujuzi huo.

Kwa asiye na wa kumshika mkono, mpango wa AuthorAID, ulioanzishwa na shirika la INASP mwaka 2007, huwaunganisha waandishi wa nchi kama zetu na walezi wa kitaaluma bila malipo. Mhadhiri wa Bugando au wa chuo cha Kolandoto naye anaweza kupatikana kwa barua moja ya heshima.

Fedha. JANAC haimdai mwandishi ada ya kuchapisha kwa njia ya kawaida; anayelipa ni yule anayetaka andiko liwe wazi kwa kila msomaji. Ukipata ujumbe unaokuita Profesa mashuhuri, unaokuahidi kuchapishwa ndani ya wiki moja kwa dola mia mbili, ufute. Majarida hayo ya kitapeli hula fedha za watu maskini na kuzika kazi zao mahali ambapo hakuna daktari wala muuguzi atakayeziamini.

Andiko likitoka, nakala moja iende NIMR kama cheti kinavyotaka, nyingine kwa mganga mkuu wa wilaya, nyingine kwenye faili la kliniki. Kisha iandikwe kurasa mbili kwa Kiswahili chepesi, bila jedwali, zisomwe katika kikao cha watumishi na katika kikundi cha WAVIU, na atafutwe mtu wa kuzisema kwa Kisukuma. Waliofuatiliwa mpaka machimboni wana haki ya kusikia kilichopatikana kabla ya mkutano wowote wa Arusha au Durban. Watauliza maswali. Mmoja atasema mmekosea, tuliondoka kwa sababu nyingine kabisa, na atazitaja. Chukua kalamu uziandike, na tarehe, kwa sababu kibali cha utafiti unaofuata kitaombwa kwa maneno yake.